Gurudumu la Nyuma Kushoto

Jumatatu, 3 Februari 1986

Pikapu ya mwalimu wa Kathonzweni. Gurudumu la mbele kulia. Nimeinua kwa jeki, nimezungusha, nimeweka kijiti changu cha mpingo kwenye habu, kitovu cha gurudumu, na ncha ya pili sikioni. Kimya. Nimefunga macho, maana watu wanapenda nikifunga macho. Bado kimya. Ndipo nikaweka kiganja juu ya springi na kuzungusha tena, nikaupata mtetemo mdogo, kama mchanga ndani ya sukari. Nikamwambia beringi ya ndani imeanza kulia. Nimefungua mbele yake. Roli mbili, vile vyuma vinavyoviringika ndani yake, zimechubuka. Amezichukua akaenda kuwaonyesha watu wa hoteli ng'ambo ya barabara, na nimeona mdomo wake ukisema, "Huyu ndiye Masikio."

Miaka ishirini na miwili nafanya ekseli na beringi hapa Mtito Andei. Mafundi wengine wanafungua gurudumu ndipo wajue. Mimi nilikuwa nasikiliza, nasema ni ya ndani au ya nje, na imebakisha safari ngapi. Madereva wa Mombasa ndio walionipa jina hilo. La ubatizo halitumiwi na mtu.

Mwaka wa pili huu sisikii beringi yoyote. Hakuna anayejua.

Alhamisi, 6 Februari

Lori mbili, basi moja. Grisi imekwisha, nimeagiza.

Nasoma midomo. Hakuna aliyenifundisha, ni njaa imenifundisha. Madereva wa miraa ndio wabaya, shavu moja limejaa na maneno yanatoka upande. Wenye masharubu wabaya zaidi. Wanaotoka Pwani wanafungua mdomo vizuri, Mungu awabariki.

Sikio la kushoto lilikufa kwanza. Vikombe vya beringi havitoki habuni kwa maombi. Ni patasi na nyundo, chuma kwa chuma, uso wako ukiwa hapo hapo. La kulia limebaki na mvumo tu, kama mtu anasaga mahindi nyumba ya pili. Nikikaribiwa sana na nikipigiwa kelele napata kitu. Neno silipati.

Ndunge, mke wangu, anadhani nampuuza. Leo amesimama mbele yangu, mikono kiunoni: "Baba Mwende, sikio la kufa halisikii dawa." Hajui alivyolenga. Nimecheka, nimeenda kuosha mikono. Nimekaa huko bafuni muda mrefu.

Kwa nini simwambii. Kwa sababu naogopa. Fundi aliyevunjika mguu anahurumiwa. Masikio asiyesikia ni kichekesho cha kutoka hapa hadi Mariakani.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani. Mimi ni mzee wa kanisa, nakaa mbele, kwa hivyo mdomo wa pasta nauona vizuri. Kwaya naifuata kwa macho. Leo wamemaliza na mimi nikaendelea. Haleluya moja peke yake, yangu. Nyuso zote zimenigeukia. Pasta akasema Roho amemjaza mzee wetu. Watu wakapiga makofi.

Nilitaka kufa. Nilipiga makofi pia.

Jumanne, 18 Februari

Kilonzo amepita, ndugu yake Ndunge, shemeji yangu. Anatoka Mombasa na simiti, anapeleka Nairobi. Ameegesha saa saba mchana, jua la kuchoma ugali. Hakushuka hata kusalimia dada yake. Amesimama mbele yangu akasema, "Shem, hii tairi ya nyuma kushoto inanguruma tangu Voi. Nisikizie haraka, mdosi anataka mzigo leo."

Nimetia jeki. Nimezungusha. Nimeweka kijiti. Kimya, kama kawaida yangu siku hizi. Kiganja kwenye springi: kulikuwa na mtetemo. Lakini kando yetu kulikuwa na tangi la mafuta limeacha injini ikiwaka na ardhi yote ilikuwa inatetemeka, hata spana sandukuni zilikuwa zinacheza. Nikashika habu. Ya moto. Mtito saa saba kila chuma ni moto, hata kitasa cha mlango.

Ningeweza kufungua. Ni saa moja tu. Nati, pini, dramu, unaona kwa macho. Ningeweza pia kumwambia yule wa tangi azime injini, ningoje kidogo, nishike tena. Lakini madereva wanne walikuwa wamekuja kutazama, na Kilonzo alishawaambia kwamba huyu hafungui kutafuta, huyu hufungua kubadilisha tu. Maneno yangu mwenyewe hayo. Nimeyasema miaka ishirini nikijigamba.

Nikafumbua macho. Nikasema, "Hii ni nzuri. Ni tairi inaimba, sio beringi. Utafika."

Akanipiga bega. Akapanda. Nimeona vumbi lake.

Sijisikii vizuri. Nimeandika hivi nione kama nikiandika itapungua.

Jumatano, 19 Februari

Haijapungua.

Saa nne asubuhi dereva wa basi la kutoka Nairobi ameshuka, akaongea na watu wa hoteli, wote wakanitazama. Nilijua kabla hajavuka barabara.

Gurudumu lilichomoka Kiboko. Lori limekwenda kwenye mtaro, Kilonzo ameumia mkono kidogo. Gurudumu halikwenda mtaroni. Lilikwenda peke yake kwenye vibanda vya machungwa. Limempiga mama mmoja. Amekufa papo hapo.

Kilonzo yuko seli.

Ijumaa, 21 Februari

Nimepanda gari asubuhi hadi kituo cha polisi walikovuta lori. Askari ananijua, niliwahi kumfanyia gari la kaka yake. Ameniacha niangalie.

Ncha ya ekseli imekuwa ya buluu, rangi ya chuma kilichoungua. Kikombe cha ndani kimesagika. Roli hazipo, zimekuwa unga mweusi, nimeukuna na ukucha. Beringi haifi hivi kwa saa mbili. Hii ilikuwa inakufa siku tatu au nne. Ilikuwa inapiga kelele alipoiingiza kwangu. Zamani ningeisikia akiwa bado pale kwenye mizani ya malori.

Mkaguzi wa magari alikuwa ameshaandika. Askari alinionyesha karatasi kwa heshima. Kwamba gari lilikaguliwa Mtito Andei siku hiyo hiyo na fundi mwenye sifa na likapatikana zima. Kwa hivyo beringi imeharibika baada ya hapo. Kwa hivyo dereva alikuwa na mwendo wa kasi, na akapuuza dalili. Ni jina langu limemfunga. Kilonzo mwenyewe ndiye aliyewaambia: Masikio alisema ni nzuri. Alidhani anajitetea.

Nimesimama na ile karatasi. Ilikuwa nafasi ya kusema. Nimerudisha karatasi, nimesema asante.

Mimi ni mwoga. Niliandike hivyo hivyo.

Jumanne, 25 Februari

Kazi. Habu mbili. Nimefungua zote. Mwenye gari ameshangaa kwa nini nafungua. Nimemwambia leo nina mafua.

Jumamosi, 1 Machi

Maziko ya yule mama. Aliitwa Syombua. Alikuwa na umri wa Ndunge. Nimekwenda, nimejificha nyuma ya wanaume. Mhubiri aliwaelekea wafiwa, sikuona mdomo wake, sikupata neno hata moja. Nimetazama mikono ya watoto wake. Wa kwanza amekuwa mtu mzima, wa mwisho bado anashika nguo ya shangazi.

Walitia udongo. Nilichukua koleo nikatia mara nyingi, hadi mzee mmoja akanigusa mkono, akasema nimpe na mwingine. Akaniuliza mimi ni wa ukoo gani. Nikasema mimi ni mpita njia. Jibu gani hilo.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwambia Ndunge.

Sikupanga. Alikuwa anachagua mawe kwenye maharagwe, akaniuliza kitu akiwa ameinamia ungo. Huwa nangoja ainue uso. Leo nimesema, "Sisikii." Akainua uso. Nikarudia. Nikamwambia tangu lini. Nikamwambia na habari ya Kilonzo, kijiti, tangi la mafuta, yote.

Aliweka ungo chini. Kimya cha mtu mwingine nakijua, mdomo haufunguki. Kisha akalia, na mimi nikamwangalia akilia bila sauti, kama picha. Alilia kwa ajili yangu kwanza. Halafu nikaona machozi yamebadilika. Ni ndugu yake wa tumbo moja.

Amesema mficha uchi hazai. Twende kwa pasta Jumapili, niseme mbele ya kanisa, kisha niende niseme kortini. Nimekubali. Nimehisi wepesi. Nimekula vizuri mara ya kwanza tangu siku ile.

Jumapili, 9 Machi

Nataka kuandika hii pole pole, maana ni mimi nimefanya.

Wakati wa ushuhuda nimesimama. Nimesema masikio yangu yamekufa, nimeficha, na kwa kuficha mtu amekufa na shemeji yangu amefungwa. Nimesema yote. Ndunge alikuwa safu ya tatu, mkono mdomoni.

Halafu pasta akashuka madhabahuni. Hakunikemea. Ningependa anikemee. Alisema shetani ameiba masikio ya mtumishi, na leo yatarudi. Wazee wakaja, akina mama wakaja, mikono ikanijaa kichwani, mabegani, mgongoni, mikono yenye jasho, na kanisa zima lilikuwa linaomba, nilihisi sakafu chini ya viatu vyangu. Waliomba muda mrefu. Mama mmoja aliyemzika mumewe juzi alikuwa amepiga magoti kwa ajili yangu.

Pasta akaniinua uso kwa mikono miwili. Akasema, na mdomo wake niliuona kila herufi, "Mzee, unanisikia?"

Nyuma yake watu mia mbili walikuwa wananitazama. Sikusikia kitu. Mvumo tu, mahindi yale yale.

Nikaitikia kwa kichwa.

Sijui kwa nini. Najua kwa nini. Sikutaka kuwanyima. Na sikutaka kuwa mtu ambaye Mungu amemkataa mbele ya watu wote hao.

Waliruka. Waliruka hadi benchi zikaanguka. Ndunge alikimbia kutoka safu ya tatu akanikumbatia, akasema kitu shingoni kwangu, na shingoni hakuna mdomo wa kusoma.

Jumapili, baadaye

Ndunge alikuwa jikoni, mimi sebuleni na mgongo mlangoni. Nilikuwa nasoma Zaburi. Mara akatokea mbele yangu. Alikuwa ameniita. Sijui mara ngapi. Uso wake umebadilika kama chai iliyomwagika.

Kisha: "Umedanganya kanisani."

Nikasema ndiyo. Akasema, basi kortini utasema kweli yote, hata hii ya kanisani. Nikaapa. Niliweka mkono juu ya ile Biblia. Hakuniambia niweke, niliuweka mwenyewe.

Ijumaa, 14 Machi

Magari yamekuwa mengi kuliko zamani. Habari imefika Voi kwamba Masikio alizibwa, akaombewa, akazibuka. Dereva mmoja ameomba niweke mkono kwenye sikio la mama yake. Nimeuweka. Ningefanyaje?

Nafungua kila gurudumu. Naosha kila beringi kwa mafuta ya taa, natazama roli moja moja juani. Wanalalamika nachelewesha. Nawaambia siku hizi nahakikisha. Usiku silali vizuri, lakini hilo si jipya.

Jumanne, 22 Aprili

Korti.

Kilonzo kizimbani, amekonda, mkono bado na bendeji. Alinitabasamia. Ndunge hakuruhusiwa kukaa karibu. Pasta alikuwa amekuja na watu kumi wa kanisa, kumpa Kilonzo nguvu. Walikaa safu ya mbele. Kwaya nusu.

Nikaitwa. Nikaapa. Nikasema siku ile sikuwa nasikia. Kwamba beringi ilikuwa mbovu ikija kwangu, na mimi nikasema ni nzuri kwa kiburi na kwa kuficha. Nikasema dereva hana hatia, mimi ninayo. Niliyasema vizuri. Niliyafanyia mazoezi mwezi mzima mbele ya kioo cha lori.

Hakimu alikuwa akiandika. Afisa wa mashtaka akasimama. Mtu msafi, hana masharubu, meno mazuri. Kila alichosema nilikisoma kama gazeti.

Akaniuliza jina la kijiji changu. Nikajibu. Akaniuliza nimefanya kazi miaka mingapi. Nikajibu. Rangi ya lori, saa aliyofika, uzito wa mzigo. Nikajibu, nikajibu. Sikugundua anachofanya. Nilikuwa najivunia, mjinga mimi, kwamba sipotezi neno. Kisha akageukia watu, akageuka tena kwangu, akauliza mimi na mshtakiwa tunahusiana vipi. Nikasema ni shemeji yangu. Akauliza kama haya masikio yaliyokufa ndiyo yamekuwa yakijibu maswali yake asubuhi yote.

Watu walicheka. Niliona mabega.

Nikasema nasoma midomo. Akasema, lakini nimeambiwa uliponywa kanisani, na mashahidi wa muujiza huo wako hapa ndani. Akaonyesha safu ya mbele kwa mkono. Akauliza: je, uliponywa au hukuponywa?

Pasta alikuwa ananitazama. Yule mama mjane alikuwa ananitazama, amevaa kitambaa cheupe kichwani, anatikisa kichwa kunitia moyo. Kilonzo alikuwa ananitazama. Ndunge pia, kutoka mlangoni.

Jibu lilikuwa neno moja. Nilikuwa nimeapa mara mbili kulisema.

Nikasema, "Niliponywa."

Akasema asante, akakaa. Hakimu akaandika kidogo tu. Mtu aliyezibwa masikio hadi ndugu yake akakamatwa, kisha akazibuka. Hata mimi nisingemwamini.

Mwaka mmoja. Kwa kusababisha kifo kwa kuendesha vibaya. Na leseni wameichukua.

Jumatano, 23 Aprili

Sikufungua karakana.

Ndunge alirudi kwa afisa wa mashtaka jana jioni kueleza kwamba sikuponywa. Akaambiwa dada wa mshtakiwa hakosi kusema hivyo.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimekwenda kwa pasta nyumbani. Nimemwambia sisikii na sikuwahi kuponywa. Akanitazama sana. Akasema hii ni mashaka, adui anataka kuninyang'anya nilichopewa, nisimpe nafasi. Akaomba. Nilitazama nywele zake zilizoinama. Nilipoondoka akaniambia mke wake anasikia kelele kwenye gari lao, nilipitie wiki ijayo.

Sina hasira naye. Nililima mwenyewe, sasa navuna.

Jumamosi, 17 Mei

Jela, kumwona Kilonzo. Kuna wavu kati yetu, wavu mara mbili, na watu wengi wanapiga kelele pande zote, nafikiri, maana midomo yote ilikuwa wazi. Mimi ndiye niliyekuwa na nafuu humo ndani. Nilimsoma vizuri.

Amesema anaosha mahindi jikoni, si kazi mbaya. Ameuliza hali ya mama yake. Kisha akasogeza uso kwenye wavu:

"Shem, asante sana. Kujiaibisha hivyo korti juu yangu. Uongo kama hiyo, mtu hawezi kufanyia mtu. Sitasahau."

Anadhani nilidanganya kumwokoa. Kwamba masikio yangu ni mazima na niliyatoa sadaka.

Nilifungua mdomo. Askari akagonga wavu kwa rungu, muda umekwisha. Siwezi kumlaumu askari. Nilikuwa na muda. Nilikuwa na muda wa kutosha kabisa.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeanza kuwaambia. Kila anayekuja namwambia, mimi sisikii, nafungua tu na kutazama kama fundi yeyote. Wanacheka. Mmoja amesema Masikio amezeeka amekuwa mcheshi. Mmoja amekasirika, akaenda kwa jirani. Wengine wanaomba niweke kijiti hata kama ni kwa kuonekana tu, wanasema safari haina amani bila hiyo.

Kijiti nimekichoma. Mpingo unawaka vibaya, unatoa harufu nzuri.

Jumapili, 14 Septemba

Ndunge ameanza kuongea akiwa amenipa mgongo.

Mwanzoni nilidhani amesahau. Hajasahau. Anageuka kwanza, kisha naona taya likienda. Anaweza kuongea hivyo dakika tano, akifua nguo au akipeta. Akimaliza anageuka, uso uko wa kawaida, anasema, "Chakula tayari." Hayo ya mgongo ni yake. Sijawahi kuuliza. Anastahili mahali pa kuyaweka.

Sina raha. Sina usingizi. Sioni mwisho wa hii. Nafanya kazi kwa sababu mikono haijui kitu kingine.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mvua imeanza. Niliona watu wakitazama bati ndipo nikajua.

Jumanne, 23 Desemba

Kilonzo ametoka jana. Wamempunguzia. Leo amekuja na begi dogo, amevaa shati alilokamatwa nalo. Ameninunulia soda hotelini akaivusha barabara mwenyewe, akaniletea. Mimi ndiye niliyepaswa kununua.

Akasema hana leseni, hataendesha tena. Atakwenda Kathonzweni kulima mbaazi kwa mama yake. Akasema amewaambia wafungwa wote habari ya shemeji yake. Alikuwa na furaha, na meno mawili hayapo.

Nikaweka soda chini. Nikamwambia asimame nyuma yangu, hatua kumi, aniite jina langu lote kwa nguvu zake zote. Akacheka, akauliza ni mchezo gani. Nikamwambia fanya tu, tafadhali.

Nikageukia barabara. Nikangoja. Mbele yangu kulikuwa na hoteli, watu wanakunywa chai, mwanamke anakatakata sukuma wiki mlangoni, lori limesimama. Nikangoja. Nikaona mwanamke ameinua kisu akatazama upande wetu. Kisha wenye chai wakageuka, mmoja mmoja, kisha wote. Mtu mmoja alisimama kabisa aone kuna nini. Mimi sikuwa nimepata chochote.

Ndipo nikajua ameniita.

Aliniita mara ngapi sijui. Alipokuja mbele yangu shingo yake ilikuwa na mishipa. Alinitazama sikio moja, akatazama la pili, kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Akauliza, mdomo polepole sana, "Hata siku ile?"

Nikasema hata siku ile. Nikasema na kanisani nilidanganya, na kortini nilipoulizwa nilidanganya tena. Kila kitu kingine nilichosema siku hiyo kizimbani kilikuwa kweli.

Alikaa juu ya tairi kuukuu. Hakunipiga. Nilitamani anipige, nikakaa karibu naye kusudi. Alikuwa anatazama mikono yake. Kisha akachukua begi akaenda barabarani kungoja gari la kwenda kwao. Akasimama pale akiwa amenipa mgongo. Akaongea. Mabega yalikuwa yanakwenda na mkono mmoja uliinuka ukashuka. Aliongea sana. Ndunge alikuwa amesimama mlangoni, alisikia yote.

Gari likaja, akapanda.

Nimemuuliza Ndunge alisema nini. Amenigeukia, uso kwa uso, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akaenda ndani kuwasha moto.

Nimemalizia habu ya basi, nimepaka grisi, nimetia pini mpya. Nimefunga karakana mapema. Muthokoi ilikuwa tayari, tumekula.